Kengele Iko Wapi?

Garissa, ukikutana na mtu kwa mara ya kwanza, salamu zikiisha utaulizwa wewe ni wa nani. Utataja baba, babu, na baba wa babu, mpaka anayekuuliza apate pa kukuweka. Mzee ninayetaka kusimulia habari zake alilikataa swali hilo miaka yote niliyomjua. Kwamba alikuwa Msomali aliyetoka Mogadishu, hilo halikuhitaji kuulizwa. Lakini akibanwa kuhusu ukoo alijibu, "Mimi ni mtu ya herufi ndogo ndogo," kisha akauliza kama una barua ya kuandikwa au umekuja kumzibia upepo tu. Kwa hiyo nami sitamtafutia ukoo alioukataa mwenyewe. Mjini aliitwa mzee wa taipu. Mbele yake tulimwita adeer, yaani ami, naye aliturudishia adeer vilevile, kwa sababu Wasomali wana ustaarabu huo mtamu wa mkubwa kumwita mdogo kwa jina lile lile analoitwa yeye.

Alikuwa na meza moja, viti viwili na taipureta nzito ya kuvunja mgongo, chini ya kibanda cha mabati kilichotazamana na ofisi za serikali. Waliotaka maombi ya kazi, malalamiko ya kisima, barua za kupotelewa na kitambulisho, wote walipanga foleni kwake tangu asubuhi. Kiswahili chake cha mdomoni, Mungu anisamehe, kilikuwa kichekesho. P kwake ilikuwa B, na ngeli zote alizipitisha mlango mmoja. Lakini karatasi ikitoka kwenye mashine yake ilikuwa safi, kila neno na kiambishi chake, maana akiandika alikuwa na kamusi mapajani na subira isiyo na mwisho. Ukimsikia anaongea ungemhurumia. Ukisoma alichoandika ungejihurumia mwenyewe.

Tulijuana kwa sababu ya kibao. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mhudumu katika zahanati moja ndogo: kufagia, kuchemsha vifaa, kuita majina ya wagonjwa. Fundi wa rangi alikuwa ametuandikia kibao kipya, akaishiwa na nafasi, akaandika ZAHAN juu na ATI chini. Mzee akaja na homa ya kumtetemesha, akasimama nje kwenye jua, akakataa kuingia.

"Adeer, ingia ndani, unaungua," nikamwambia.

"Haba ndani mnatibu watu," alisema, akaunyoosha mswaki wake wa kijiti kuelekea kibaoni, "na nje mmeumiza neno. Ati! Ati nini? Nani amesema?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Yeye hakucheka. Alinieleza, huku meno yakigongana kwa homa, kwamba neno lina viungo kama mbuzi, na anayejua kuchinja hukata kwenye kiungo. Za-ha-na-ti. Kata baada ya "za", kata baada ya "ha", kata baada ya "na", lakini N na A yake ni mama na mtoto, usiwatenganishe. Ndipo akakubali kudungwa sindano. Wiki iliyofuata alikuja na kopo la rangi akakirekebisha kibao mwenyewe, hakuna aliyemtuma.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya zamani. Huko Mogadishu alikuwa mpiga chapa, tangu enzi za Wataliani, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwenye fremu. Mstari ukijaa kabla neno halijaisha, lazima mtu aamue neno likatwe wapi, na mtu huyo alikuwa yeye. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda. Siku moja nilimuuliza, akasema bwana mmoja wa Kitaliano alimpiga rula ya chuma kwa kulikata neno "aspettano", wanasubiri, kati ya S na P. Kwa Kitaliano S hiyo huandamana na P, haibaki nyuma. Alikuwa kijana mdogo wakati huo.

"Na bado unakipenda Kitaliano, adeer?"

"Maneno haikunichaba. Mtu ndiye alinichaba. Maneno ilikuwa nalala tu kwa sanduku yake."

Sasa niseme yangu, ili ujue kwa nini nilikuwa nauliza habari za Kitaliano. Mimi si Msomali. Baba yangu alitoka Mombasa, akaletwa Garissa kutengeneza pampu za maji, akafia huko, tukabaki mimi na mama peke yetu. Sista mmoja wa Kitaliano aliyepita zahanati kwetu aliniambia shirika lao lina shule ya uuguzi kwao, na kila mwaka huchukua msichana mmoja kutoka Kenya. Mtihani ni Nairobi, wa kusoma kwa sauti na kuongea. Ukishindwa hurudii. Aliniachia kitabu cha sarufi na akanipa miezi minane. Niliutaka uuguzi ule, jamani, niliutaka mpaka nikawa naota nimevaa kofia nyeupe. Nikajifungia na kitabu, nikameza vitenzi vyote kwa macho. Kitabu hakikunitajia hata mara moja kwamba macho hayatoshi.

Mzee alikiona kitabu siku aliyokuja na rangi. Akakifungua, akakinusa, kweli alikinusa, akaniambia nisome. Nikasoma kwa mbwembwe: i bambini parlano. Watoto wanazungumza. Nikauweka mkazo kwenye "la", kama mtu yeyote aliyezaliwa na Kiswahili angefanya.

Alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino.

"Unajua umefanya nini? Watoto wote umewanyonga. Kesho baada ya alasiri, njoo na mama yako."

Mama alikuja kwa sababu msichana hakai peke yake na mwanamume barazani, awe mzee awe nani. Alikuja pia kwa sababu hakutaka niende popote, na alitaka kumtazama vizuri huyo anayenisaidia kuondoka. Alikaa kwenye kiti cha tatu alichokibeba kutoka nyumbani, na ungo wa mchele mapajani, akachambua mawe. Alichambua miezi minane. Sijui mchele wote ule tuliumaliza vipi.

Darasa letu lilikuwa kokwa za tende. Mzee alizipanga mezani, kokwa moja kwa kila silabi, mstari mmoja, na juu ya kokwa moja aliweka kizibo cha soda. Mstari ulikuwa msafara wa ngamia, akasema, na kizibo ni kengele, ile ya mti anayofungwa ngamia shingoni ili msafara usipotee porini.

"Kiswahili, kengele iko kwa ngamia ya kabla ya mwisho. Siku zote. Sema. Se! Ongeza moja nyuma: semeni. Sasa kengele iko wabi?"

"Me," nikajibu.

"Nahama! Kiswahili ni watu ya ukarimu, mgeni akija wote nasogea. Sasa Kitaliano. Barla, anazungumza. Kengele?"

"Mwanzo."

"Ongeza no. Barlano. Kengele iko wabi?"

Nikatia kizibo kwenye "la". Akakirudisha mwanzo, taratibu, kwa kile kidole kilichopinda. Ile "no" ni ngamia aliyeongezwa mkiani, akasema, na ngamia wa mbele hata habari hana. Par-la-no, mkazo kwenye "par". A-bi-ta-no, wanakaa mahali, mkazo kwenye "a", mwanzo kabisa, na ngamia watatu wanafuata kimya. Te-le-fo-na-no, wanapiga simu, mkazo kwenye "le". Lakini sisi tukizungumza, par-lia-mo, kengele inahama, na ninyi mkizungumza, par-la-te, inahama pia.

"Kwa nini kwetu na kwenu inahama, na kwao haihami?" nilimuuliza.

"Sababu hao hawako hapa," alijibu, ila alisema "haba". Mpaka leo sijui kama ilikuwa kanuni au aliitunga palepale, lakini haijanitoka kichwani.

Siku ile nilirudi nyumbani nikisema maneno ya Kiswahili njia nzima. Piga, pigeni, pigianeni. Miaka ishirini na mmoja naongea, na sikuwahi kujua kwamba mkazo unanikimbilia mbele kila ninapoongeza kitu. Nilifurahi kama niliyeokota kitu changu mwenyewe. Mama akaniambia nifunge mdomo, wauza maziwa wananitazama.

Sifa hakuwa nazo. Ukipatia sana alisema "si mbaya" na kuupeleka mswaki upande wa pili wa mdomo. Ukikosea alikuwa na njia mia za kukuaibisha. Kuna neno "capitano". Mkazo ukiwa mwanzo, maana yake ni mambo yanayotokea. Ukiwa kwenye "ta", ni kapteni. Nilipaswa kusoma "haya ni mambo yanayotokea", nikasoma kama kawaida yetu. Mzee akasimama wima, akapiga saluti.

"Ndiyo, afande! Kabteni amefika! Mama, simama!"

Na mama, mama yangu aliyekuwa hamtaki, alisimama na ungo wake akapiga saluti. Mawe yakamwagika yote kwenye mchele safi. Tangu siku hiyo nikiunguza uji nyumbani alikuwa akinipigia kelele, "Kengele!"

Taipureta yake haikuwa na ile alama ndogo ambayo Wataliani huiweka juu ya herufi ya mwisho mkazo ukiwa mwisho kabisa. Akiandika barua ya Kitaliano, maana masista na mafundi wa visima walikuwa wakija kwake, alimaliza kupiga, akachomoa karatasi, akachukua kalamu ya wino na kuitia kwa mkono. Aliiita mswaki, kwa sababu imelala upande kama mswaki uliotoka mdomoni.

"Ukisema barlo, ni wewe, uko hai, nazungumza sasa. Tia mswaki mwisho: barlò. Ni mtu mwingine, alizungumza, zamani, labda hata amekufa. Herufi ni zile zile. Usicheze na mswaki."

Hakuweza kuliacha kosa lililoandikwa. Alilirekebisha tangazo la mnada wa mifugo, akalirekebisha jina kwenye mkokoteni wa maji huku punda akitembea, akaandika upya maelezo ya dawa kwenye bahasha niliyompa mwenyewe. Mtu angempelekea barua ya mapenzi aliyoandikiwa, kumwuliza neno gumu moja, angerudishiwa ikiwa na wino mwekundu mpaka kwenye busu la mwisho. Alipoteza wateja kwa tabia hiyo. Lakini kitabu chake mwenyewe cha kumbukumbu, nilichokiona mara moja, kilikuwa matope matupu; hata yeye hakuweza kukisoma. Alisema hicho ni cha nyumbani, kinavaa kikoi.

Ijumaa alitualika kula baasto, ndiyo tambi hizo, neno ambalo Wasomali walilichukua kwa Wataliani wakaliondolea P yake. Alikula kwa mkono, na ndizi mbivu pembeni. Mama alimwangalia akila ndizi na tambi pamoja, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kama huko Italia wanakula hivi, basi nitarudi mwenyewe kwa njaa. Mzee alisikia, akacheka mpaka ndizi ikamtoka. Hapo ndipo walipoanza kupatana.

Lakini kupatana si kukubali. Mwezi mmoja kabla ya mtihani mama aliweka ungo chini, akamkabili.

"Mzee, mimi nina mtoto mmoja. Wanaokwenda huko hawarudi. Wanatuma picha. Mimi nitakaa na picha?"

Mzee akautoa mswaki mdomoni. Naye alikuwa na watu wake waliotawanyika baharini na nchi kavu, hilo nilijua, ingawa hakuwataja.

"Mama, mimi nasimama mdhamini. Huyu atarudi. Akikosa, njoo usimame haba mbele ya watu yote, uniite mwongo."

Mama akamtazama kwa muda, akauchukua ungo. Nikajua nimeruhusiwa, nikalia pale pale mbele ya foleni ya watu wa vitambulisho.

Mtihani ulikuwa chumba chenye sakafu ya mbao, masista watatu na meza. Nilisoma ukurasa mzima, naona kokwa za tende kila mstari. Abitano, telefonano, aspettano, kengele zote mahali pake. Nikaona wanatazamana, nikajua wamependa. Kisha mkubwa wao, bibi kizee mwenye miwani minene, akaniuliza kwa Kitaliano napenda kula nini.

Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Mi biace la basta."

Mmoja akajiziba mdomo kwa leso. Wakapasuka vicheko wote watatu. Basta, kumbe, kwa Kitaliano maana yake imetosha; tambi ni pasta. Nilikuwa nimewaambia masista kwamba ninapenda imetosha.

"Mwanangu," bibi kizee akasema, sasa kwa Kiswahili chenye vumbi, "hebu sema papai."

"Papai."

"Sema pilipili."

"Pilipili."

"Kwa hiyo P unayo. Sasa sema: io parlo."

"Io barlo," nikasema, na nikajisikia nikisema. Mungu wangu! Mtoto wa mtu wa Mombasa, niliyezaliwa na P mdomoni, nilikuwa nimekaa miezi minane na mzee asiye na P, nikaitapika P yangu kokwa baada ya kokwa. Nilikuwa nasikiliza kengele, sikuwasikiliza ngamia. Hata mama hakushtuka. Aliniambia baadaye alidhani ndivyo Wataliani wanavyosema.

Bibi kizee akafuta miwani. "Aliyekufundisha alikunyima herufi moja," alisema, "lakini mkazo alikupa wote. Herufi moja tutakupa kwa wiki. Mkazo watu wengine hatuwezi kuwapa kwa miaka mitano." Akaandika kitu kwenye karatasi. Nilipata nafasi.

Niliogopa kumwambia mzee habari ya P. Mwishowe nilimwambia, maana mama angemwambia kabla yangu. Aliweka mswaki mezani. Nilianza kuomba msamaha.

"Miaka arobaini," alisema, "hii B," na mkononi mwake alikuwa ameshika penseli anachora P, kubwa, nzuri, yenye tumbo lake, "miaka arobaini naibanga kwa mkono yangu. Naijua uso yake. Naijua uzito yake gizani. Sauti yake tu hatukuwahi kujuana." Kisha akacheka, nami nikacheka, na kwa furaha ya siku ile alifunga meza kabla ya adhuhuri, jambo ambalo mji mzima ulilizungumzia.

Siku ya kuondoka basi lilikuwa linanguruma na konda anaita. Nilikimbia kwenye meza yake nikiwa na begi mgongoni. Nilitaka kumuaga kwa neno lake mwenyewe, neno la wakati ujao, nitarudi. Tornerò. Mkazo wake uko mwisho kabisa, kwenye "ro", ndiyo maana linavaa mswaki. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Lakini nilikuwa nalia, na mtu akilia hurudi kwenye lugha ya mama. Nikasema "tornero" kwa mkazo wa kwetu, kabla ya mwisho.

"Hakuna neno kama hiyo," alisema. "Kengele iko wabi?"

Konda akanivuta mkono. Sikupata kujibu.

Nilikaa huko miaka minne. Nilijifunza kufunga vidonda, kuzalisha, kuvaa soksi mbili. Nilimwandikia mzee kwa Kitaliano kila baada ya miezi miwili, na kila barua aliirudisha kwangu ile ile, imejaa wino mwekundu, na chini kabisa salamu za mama. Barua zangu mwenyewe zilizosafiri bahari mbili kwenda na kurudi! Wenzangu walidhani nina mpenzi mkorofi. Moja tu haikurudi, ya mwaka wa pili, nikadhani imepotea posta.

Mwaka wa nne walinipa kazi. Hospitali nzuri, chumba changu, dirisha linaloona mlima. Nisikudanganye, niliitaka. Nilikaa na ile karatasi wiki mbili bila kuitia sahihi. Wakati huo huo ikaja barua ya mama, aliyoandikiwa na mwalimu wa jirani. Ile mvua kubwa iliyokata barabara ilikuwa imepita. Kibanda cha mzee kilikuwa kimejaa maji mpaka mezani, karatasi zake zote zimeondoka, taipureta imeshika kutu. "Lakini mzima," mama alisema. "Kila mwezi naenda kumuuliza kama utarudi. Kila mwezi hunijibu jibu moja: atarudi, kuna kitu amekiacha haba hajamaliza. Nami namuuliza ni kitu gani, hataki kusema. Mwanangu, ulisahau nini kwa huyu mzee?"

Niliwaza siku nzima. Sikuwa nimesahau kitu. Kitabu changu ninacho, sweta yangu ninayo. Nilicheka peke yangu kwenye dirisha la mlima, kisha nikalia, nikagundua kwamba sitaki kujua kwa barua. Sikuitia sahihi ile karatasi.

Basi lilinishusha Garissa saa nne asubuhi. Daraja ni lile lile, joto ni lile lile, na mama alikuwa stendi akiwa amefunga kanga mpya, mwepesi kuliko nilivyomwacha. Nilimkumbatia mpaka akasema namvunja. Nikataka twende nyumbani kwanza nikaoge. Akakataa, akanishika mkono kunivusha barabara, kama mtoto.

Mzee alikuwa pale pale, mabati mapya, meza ya zamani imevimba kwa maji. Amekonda, sikio moja limezibika, anaandika kwa mkono sasa. Pembeni mwa kiti chake kulikuwa na kiti cha tatu, na juu yake ungo. Nikaelewa kwamba mama huja hapa kila alasiri mpaka leo, mchele uwepo usiwepo.

"Adeer," nikasema.

Aliniangalia, akauchomoa mswaki mdomoni. Hakunisalimu. Aliinama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kilichobanwa kwa mpira. Humo, kavu, mvua yote ile haikuigusa, mlikuwa na barua moja. Aliikunjua mezani mbele yangu. Ilikuwa yangu, ile ya mwaka wa pili.

Niliisoma tangu juu. Makosa yalikuwa mengi. Nilihesabu manane kwa haraka. Hakukuwa na tone la wino mwekundu. Mtu aliyerekebisha mpaka mikokoteni ya punda alikaa na barua hii miaka miwili na nusu bila kuigusa. Mstari wa mwisho niliandika: Maestro, mwalimu wangu, mwambie mama, tornero. Bila mswaki juu ya O. Herufi zote zipo, na si neno.

Akanipa kalamu. "Weka," alisema.

"Si ungeweka mwenyewe, adeer? Ni alama ndogo tu."

"Mimi nadhamini. Siwezi kudhamini na kuandika. Weka kwa mkono yako."

Nikaivuta ile alama juu ya O, imelala upande kama inavyotakiwa. Mzee akaisogeza barua mbali na macho, akaipulizia wino ukauke, akaikunja, akampa mama kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, ungo mapajani. Akaipokea, akaiweka kifuani ndani ya kanga, akarudi kwenye mchele.

"Sasa lisome," mzee akaniambia. "Kengele iko wabi?"

Mama, ambaye hajui neno hata moja la Kitaliano, akajibu bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mwisho."